SOMO: Kuku wa uani na hii baridi ya kusi, ziba upepo ila usizibe hewa

Wakuu habari za jioni. Naona kila anayefuga uani analia vifaranga wanaisha usiku, basi tuelewane kidogo maana wengi mnaua kuku kwa mikono yenu mkidhani mnawaokoa. Baridi ya Dar kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 8, hata ikizidi, usiku inacheza kwenye nyuzi 18 au 19 hivi, na kuku mkubwa mwenye manyoya kamili hafi kwa hiyo, mwili wake tu una nyuzi 41. Njombe na Makete huko kuna baridi ya kugandisha majani na watu wanafuga. Huku kwetu kinachoua ni upepo unaowapiga wamelala, maranda yaliyolowa, na banda linalofungwa kama sanduku mpaka asubuhi.

HATUA YA 1: Upepo. Msimu huu unatoka kusini na kusini-mashariki, wa Kigamboni na Mbweni mnaujua vizuri. Ziba upande huo kuanzia chini mpaka juu ya kichwa cha kuku akiwa kwenye kichanja, tumia turubai, viroba vilivyoshonwa, hata lile bango la plastiki la matangazo linafaa sana. Ila juu kabisa chini ya bati acha wazi kama kiganja kizima, weka wavu basi. Hapa ndo watu wanabisha, "joto si litatoka?" Litoke! Likitoka linatoka na mvuke wa pumzi na amonia, ile gesi kali ya kinyesi. Asubuhi kabla hujafungua kila kitu ingia uchuchumae, kichwa chako kiwe usawa wa kuku, vuta pumzi, macho yakiwasha ujue wao wamekesha humo. Ukiona matone ya maji chini ya bati na mvua haijanyesha, ni hilo hilo.

HATUA YA 2: Maranda yawe makavu, kina kama vidole vinne. Chota konzi moja uminye, likibaki donge hayo toa, yakiachia yapo poa. Sehemu mbovu huwa ni pale chini ya chombo cha maji kwa hiyo pandisha chombo juu ya tofali. Maranda yakilowa koksidia, ule ugonjwa wa utumbo, ndo inapoanzia, utaona kinyesi cha damu.

HATUA YA 3: Vifaranga, na hapa ndo penye kazi. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 mpaka 35, halafu unashusha kama 3 kila wiki mpaka waote manyoya. Kipimajoto kama huna waangalie wenyewe, wakilundikana chini ya taa wanaona baridi, wakikimbilia pembeni midomo wazi umewachoma, wakijibana upande mmoja kuna upepo unaingia ule upande mwingine. Bruda, yaani kizimba cha kulelea vifaranga, iwe duara, kunja hadibodi, kwenye kona wanapandana na wa chini wanakosa hewa. Balbu za enajisaiva hazitoi joto la maana, tafuta zile za zamani au ile nyekundu ya vifaranga, na uifunge kwa cheni isije ikadondokea maranda ukaunguza banda na nyumba.

Umeme ukikatika? Wengi tunaweka chungu cha mkaa. Sawa, lakini mkaa ukolee kwanza nje mpaka moshi uishe, zungushia tofali, na ile nafasi ya juu ibaki wazi, kwa sababu hewa ya mkaa haina harufu, inaua vifaranga na inakuua na wewe, usilale nao chumba kimoja na jiko hata siku moja. Mimi napenda zaidi madumu ya maji ya moto yaliyofungwa gunia, unabadilisha yakipoa. Usingizi ndo huna tena.

HATUA YA 4: Ongeza chakula, kuku anajipasha joto kwa kula. Jioni kabla hawajapanda wape mahindi ya kuparaza, asubuhi maji ya vuguvugu.

Chanjo ya kideri (mdondo) ile ya tone la jicho kila miezi mitatu, hiyo hata jua likiwaka.

MASWALI

Dada wa Chanika: Broila wangu wiki ya tano, tumbo limejaa maji kama puto na wanahema sana, ni sumu?

Jibu: Pole dada. Broila anakua haraka, baridi ikizidi mwili unataka hewa nyingi zaidi, banda likiwa na hewa nzito moyo unashindwa na maji yanajaa tumboni. Hao walioshavimba hawaponi, fungua juu leo leo uokoe wengine.

Mzee wa Tegeta: Mayai yamepungua, nimeuziwa chakula kibovu?

Jibu: Shikamoo mzee. Inawezekana, ila sehemu ya chakula sasa inaenda kwenye joto, halafu mwezi wa 6 mchana wa Dar haufiki masaa 12 na kuku wa mayai anataka mwanga masaa 14 na zaidi. Washa taa alfajiri.

Kaka wa Kivule: Uso umevimba, pua inatoa makamasi yananuka, nawapa kitunguu swaumu.

Jibu: Hayo mafua ya kuku, kitunguu peke yake hakitoshi. Tenga wagonjwa, muone daktari wa mifugo akupe dawa, na usome kwenye pakiti mayai yasiliwe siku ngapi.

Mama wa Goba: Kienyeji wangu wamegoma banda wanalala juu ya mwembe, si watakufa na baridi?

Jibu: Mama, huko juu hakuna amonia hata kidogo, wanapeta. Mvua ndo ya kuogopa, na kicheche, na yule kijana wa mtaa wa pili.