Kuunda mabehewa ya California Zephyr kwa kipimo cha HO

Wengi wakifungua boksi la mabehewa haya ya mfano hukimbilia rangi. Rangi ngoja kwanza. Behewa linalong'aa halafu linaanguka kila kona kazi yake ni kukaa kabatini.

California Zephyr, treni ya abiria ya Marekani, ilianza Machi 1949 kati ya Chicago na Oakland, ikasimama 1970. Mabehewa yake yaliundwa na kampuni ya Budd kwa chuma kisichoshika kutu, bila kupakwa rangi, ubavuni yana mikunjo kama bati la kuezekea. Behewa moja lilifika karibu mita 26. Kwa HO, yaani 1 kwa 87, unapata kama sentimita 30, na urefu huo ndio unaosumbua.

1. Pima kona zako. Zile za nusukipenyo cha sentimita 46 zinazokuja na seti za kuanzia ni kali mno. Lenga 76 au zaidi. Panapofuatana kona ya kulia na ya kushoto, weka katikati reli iliyonyooka yenye urefu wa behewa zima.

2. Ongeza uzito. Kwa kipimo cha NMRA, chama cha Marekani cha wapenda reli za mfano, behewa la urefu huu linatakiwa liwe na gramu 195 hivi. Bandika nati za chuma sakafuni kwa gundi ya epoksi, ukigawa sawasawa mbele na nyuma. Usiziweke juu, behewa litayumba.

3. Sasa rangi. Osha plastiki kwa sabuni, iache ikauke kabisa, kisha pulizia nyeusi inayong'aa. Siri yote iko hapa: fedha ya metali huazima mng'ao wa kilicho chini yake, kwa hiyo juu ya nyeusi iliyofifia utapata kijivu cha sufuria. Nyeusi ikikauka vizuri, pitisha fedha kwa tabaka nyembamba, ukiusogeza mkono muda wote. Ukisita mahali pamoja, rangi inatuama kwenye mikunjo na mistari inapotea. Likague behewa kwa kulimulika tochi kutoka ubavuni.

4. Kalisha abiria kabla ya kufunga paa, hasa kwenye kuba za vioo. Treni ilikuwa na kuba tano, na ratiba ilipangwa ili milima ya Rocky ipitwe mchana. Kuba tupu haipendezi.

5. Panga treni: la mizigo mbele, matatu ya viti yenye kuba, la bafe, ya kulala na la chakula, mwisho lile la kutazamia lenye mkia wa duara. Kichwa cha treni kitategemea kipande cha njia na kampuni ya reli iliyokiendesha: Burlington hadi Denver, Rio Grande hadi Salt Lake City, kisha Western Pacific.

6. Ijaribu kwa kurudi nyuma, polepole, kupitia kila mahali reli inapogawanyika. Behewa likiruka, angalia kwanza bogi yake, yaani fremu inayobeba magurudumu. Mara nyingi skrubu imekazwa kupita kiasi.