Borrow, lend, rent, hire, let, lease: hatua za kuchagua neno sahihi

Ukitafsiri mikataba ya pango kwenda Kiingereza, kama ninavyofanya mimi, utakwama kwenye vitenzi hivi sita kuliko kwenye lugha yote ya sheria. Kamusi ya lugha mbili hukupa "kopa, azima, kodi, panga", halafu inakuacha njia panda. Mimi hufuata utaratibu ufuatao.

Hatua ya 1: Jua kitu kinatoka kwa nani

Kiswahili kinatudekeza. Anayekopa anapokea, anayekopesha anatoa. Ndivyo ilivyo kwa kukodi na kukodisha, kupanga na kupangisha. Unabadilisha mwisho wa kitenzi tu, mambo yanageuka. Kiingereza hakina kiambishi cha kazi hiyo, hivyo kila upande una neno lake: "borrow" ni la anayepokea, "lend" ni la anayetoa.

Kinachotuponza ni kuazima, kwa sababu kitenzi hiki huenda pande zote mbili. Nikisema "nimeazima kalamu", kalamu imekuja kwangu. Nikisema "niazime kalamu", anayeitoa ni wewe. Ndiyo maana darasani husikika "Borrow me your pen". Sema "Lend me your pen", au "Can I borrow your pen?" Tazama mtendaji: katika sentensi ya kwanza ni wewe, katika ya pili ni mimi. Vihusishi navyo hufuata mwelekeo huohuo: "borrow from", "lend to".

Na "loan"? Kama nomino ni mkopo, halina shida. Wamarekani hulitumia pia kama kitenzi, ila wahariri wengi wa Uingereza hulifuta. Kwenye hati andika "lend", hakuna atakayekugombeza.

Hatua ya 2: Uliza kama matumizi yanalipiwa

Gari la shemeji ulilopewa bure kwa siku mbili ume-"borrow". Ukililipia kwa siku, neno hilo halifai tena. Nenda hatua ya 3. Fedha zina utaratibu wake: hata benki ikitoza riba, bado ina-"lend" na mteja ana-"borrow".

Hatua ya 3: Ni nyumba, gari au mtu?

Kwa nyumba neno la kawaida ni "rent", na hili, kama kuazima kwetu, huenda pande zote mbili. "I rent a house in Tabata" kwa kawaida humaanisha umepanga. Kama nyumba ni yako, andika "rent out" au "let". Hili la mwisho ni la mwenye nyumba peke yake, kwa hiyo "the tenant lets the house" ni kumpa mpangaji nyumba isiyo yake aipangishe. Ndilo lile lililo kwenye vibao vya "To Let" Nairobi, ambavyo watundu huongeza "i" katikati na nyumba ikageuka choo. Marekani kibao huandikwa "For Rent".

Kwa gari, Waingereza husema "hire", Wamarekani "rent". Afrika Mashariki tumezoea zaidi neno la Waingereza: vibao vya "car hire" viko tele Kenya, na Uganda teksi ya kukodi peke yako huitwa "special hire". Ukiwa na msomaji wa Marekani, kumbuka kwamba kwake "hire" kwanza ni kuajiri mtu.

Hatua ya 4: Kuna mkataba wa muda maalumu?

Hapo andika "lease". Nalo huenda pande zote mbili, ndiyo sababu wanasheria hutenganisha wahusika kwa herufi za mwisho: "lessor" anatoa, "lessee" anapokea. Kosea herufi hizo na umembadilisha mwenye mali. Kwenye ardhi ndiyo usicheze kabisa: Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 65, inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa "leasehold" pekee, yaani kwa mkataba wa muda maalumu, usiozidi miaka 99. "Rent" hapo haitoshi.

Hatua ya 5: Kagua kila "kodi"

Hii huiacha mwisho kwa makusudi, kwa kuwa macho hulipita neno hili bila kushtuka. Chukua mkataba wa ofisi Dar es Salaam. Kifungu kimoja kinasema "mpangaji atalipa kodi ya miezi sita mapema", kingine kinasema "mpangaji atakata kodi ya zuio". Ya kwanza ni "rent", ya pili, ambayo mpangaji huikata kwenye pango na kuipeleka serikalini, ni "withholding tax". Nimewahi kuletewa tafsiri ambamo zote mbili zilikuwa "tax", na mwenye nyumba akawa hana kifungu hata kimoja cha kudai pango lake. Kwa kila "kodi" uliza fedha zinaingia mfukoni mwa nani. Zikienda kwa mwenye nyumba, "rent". Zikienda TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), "tax". Na kama unaandika mkataba wa Kiswahili wewe mwenyewe, tumia "pango" kwa ya kwanza, umrahisishie kazi mfasiri atakayefuata.