Somo: Kupanga samaki watakaoelewana kwenye tangi dogo la maji yasiyo na chumvi

Wengi tunaoanza hununua samaki kwa macho: huyu mwekundu, yule mwenye mkia mrefu, na wale wawili wa milia. Wiki mbili baadaye mmoja mkia umetafunwa, mwingine hatoki nyuma ya jiwe, wa tatu anaelea. Mara nyingi hawakuwa wagonjwa, ila hawakupaswa kukaa pamoja.

Mfano wetu ni tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30. Kwa hesabu ni lita 54, lakini ukitoa changarawe, mawe na nafasi inayoachwa juu, unabaki na lita 45 hivi. Panga kwa hizo 45.

Hatua ya 1: Yajue maji yako

Chungulia ndani ya birika la kuchemshia maji. Likiwa na ukoko mweupe mgumu, maji yako ni magumu, yaani yana chokaa nyingi, na samaki kama gapi na plati watayafurahia. Likikaa miezi bila ukoko, maji ni laini, na hapo wenye raha ni neoni na samaki wengine wadogo wa jamii ya tetra wa mito ya Amazon. Vipimo vya pH (uchachu wa maji) na ugumu vitakupa jibu kamili zaidi, lakini birika linaonyesha njia. Mchague samaki anayeyapenda maji uliyonayo. Kuyageuza maji kuwa laini au magumu kila wiki ili yamfae samaki ni kazi ya kuchosha, na yakiyumbayumba samaki ndiye anayeumia. Maji ya bomba yatie kwanza dawa ya kuondoa klorini.

Hatua ya 2: Acha tangi likomae

Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoishi kwenye chujio huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo makali yake ni madogo na hupunguzwa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao kwa kawaida huhitaji wiki 4 hadi 6. Washa chujio, tia chakula kidogo kila siku ingawa samaki hawajaingia, na uwe unapima. Amonia na nitriti zikishapanda na kurudi 0, tangi liko tayari.

Hatua ya 3: Uliza atakuwa mkubwa kiasi gani

Hapa ndipo nilipoumia mwenyewe. Nilinunua samaki malaika wawili, kila mmoja mdogo kama sarafu, nikawaweka na neoni kumi. Miezi ya kwanza ilikuwa amani tupu. Kisha nikawa nikihesabu neoni asubuhi napata tisa, baadaye wanane, wala sioni maiti popote. Usiku mmoja niliwasha taa ghafla nikakuta mkia wa neoni umechomoza mdomoni mwa malaika. Malaika hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa amekua, na samaki yeyote anayeenea mdomoni kwake ni chakula.

Ndiyo maana siiamini ile kanuni ya sentimita moja ya samaki kwa kila lita. Neoni kumi wa sentimita 3 na samaki mmoja wa sentimita 30 ni sawa kwa rula tu. Yule mmoja ana mwili mnene, hula sana, huchafua maji sana, na ndani ya tangi la sentimita 60 hata kugeuka kunamtaabisha.

Hatua ya 4: Heshimu kundi

Neoni huishi kwa kundi. Watatu hujibana pembeni, rangi ikififia. Kuanzia sita kwenda juu utawaona wakitoka na ule mstari wao wa buluu ukiwaka. Koridora, samaki wadogo wenye ndevu wanaokaa chini, ni vivyo hivyo. Kwa hiyo kwenye tangi dogo chukua aina mbili zilizotimia, uache kuokota mmojammoja wa aina nane. Dume la beta ni kinyume chake: weka mmoja tu, kwa sababu madume wawili watapigana hadi kuuana.

Hatua ya 5: Gawa juu, kati na chini

Samaki wasiogombea sehemu moja hugombana kidogo. Kwa maji laini, ningeweka neoni 10 katikati na koridora wa aina ndogo kabisa 6 chini, juu ya mchanga laini, kwa kuwa changarawe yenye ncha huwachubua ndevu. Kwa maji magumu, gapi madume 6 hadi 8, basi. Makundi yote mawili yanaridhika na nyuzi joto 24 hadi 25 za Selsiasi.

Hatua ya 6: Waingize kidogokidogo

Acha mfuko wa samaki uelee juu ya maji dakika 15, uongeze maji ya tangi humo kikombe kwa kikombe, kisha wahamishe kwa wavu. Maji ya mfuko yamwage nje. Kundi la pili lisubiri wiki mbili.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, naweza kuweka beta pamoja na gapi?*
Usifanye hivyo, ndugu. Gapi dume ana mkia mpana wenye rangi, na beta humwona kama dume mwenzake. Koridora wadogo wanamfaa zaidi, mradi umwangalie siku za mwanzo, maana kila beta ana tabia yake.

*Nimeshauriwa kununua pleko ale mwani kwenye vioo. Je, ni sawa?*
Yule pleko wa kawaida hupita sentimita 30, kwa hiyo tangi lako halimwezi. Punguza saa za taa na chakula, kisha futa kioo kwa mkono. Konokono wachache watamalizia.

*Samaki wa dhahabu anaweza kukaa na neoni?*
Hapana. Yeye hupenda maji ya ubaridi zaidi, huchafua sana, na akikua neoni wanaenea mdomoni mwake.

*Mkuu, nilinunua gapi majike watupu, sasa naona watoto! Imekuwaje?*
Walipandwa kabla hujawachukua. Jike hutunza mbegu za dume mwilini kwa miezi kadhaa, akazaa tena na tena karibu kila mwezi bila dume kuwepo. Tafuta mapema watu wa kuwapa watoto hao, na kwa sasa badilisha robo ya maji kila wiki bila kuruka, kwa sababu idadi itapanda kabla hujapata wa kuwachukua.