Namna ya Kujifunza Fizikia ya Kwanta Bila Kuwa Mwanafizikia

Vitabu na video nyingi zinazomweleza mtu wa kawaida mekanika ya kwanta humpa visa: paka aliye hai na mfu kwa wakati mmoja, chembe iliyo mahali pawili, vitu viwili vinavyosikilizana kutoka mbali. Visa hivyo vinavutia, lakini mtu anaweza kuvisoma kwa miaka na bado asiweze kujibu swali dogo kama hili: fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, ikifika kwenye kioo kinachopitisha nusu ya mwanga na kurudisha nusu, itakwenda wapi, na kwa uwezekano gani? Mwongozo huu unamlenga msomaji mdadisi ambaye hakusomea fizikia chuoni lakini yuko tayari kushika kalamu. Rai yangu ni kwamba hesabu chache zilizochaguliwa vizuri humfikisha mbali kuliko visa vingi, na kwamba hesabu hizo ni nyepesi kuliko zinavyovumishwa, mradi aanzie mahali panapofaa.

Mahali hapo si mlinganyo wa Schrödinger, ule unaoeleza jinsi hali ya chembe inavyobadilika kadiri muda unavyopita. Mlinganyo huo wa mwaka 1926 ndio uti wa mgongo wa somo zima, ila unadai kalkulasi, yaani hesabu za mabadiliko, na anayeanza nao humaliza nguvu zake kwa kupambana na alama za hesabu kabla hajaona jambo lolote la kwanta. Anzia kwenye mifumo yenye hali mbili tu, kama fotoni inayopita au isiyopita, ambayo inahitaji aljebra ya sekondari, sine na kosaini, dhana ya uwezekano, pamoja na namba changamano. Hizi za mwisho huwatisha watu bila sababu. Inatosha kujua kwamba i ni namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa −1, kwamba namba changamano yoyote inaweza kuchorwa kama mshale kwenye karatasi, na kwamba kuzidisha kwa i ni kuuzungusha mshale huo nyuzi 90. Vekta (safu za namba) na matriksi (majedwali ya namba) za mbili kwa mbili zitafuata baadaye, zitakapohitajika. Aliyeachana na hesabu zamani ajipe wiki kadhaa za kuzifufua kabla ya kuendelea.

Jaribio la kwanza lifanye kwa mikono yako mwenyewe. Tafuta vipande vitatu vya kichujio cha polaroidi, aina ile ile inayotumika katika baadhi ya miwani ya jua, ambacho hupitisha mwanga unaotetemeka katika mwelekeo mmoja. Kipande cha kwanza kikiwekwa mbele ya taa hupunguza mwanga kwa nusu au zaidi kidogo. Weka cha pili nyuma yake, kisha kizungushe polepole: mwanga utafifia, na mielekeo ya vichujio hivyo itakapotofautiana kwa nyuzi 90, karibu hakuna kitakachopita. Sasa chukua kipande cha tatu ukichomeke katikati ya hivyo viwili, kikiwa kimeinama nyuzi 45. Mwanga unarudi. Umeongeza kizuizi, na kinachopita kimeongezeka.

Hesabu yake ni fupi. Uwezekano wa mwanga kupita kichujio ni kosaini ya pembe iliyopo kati ya mwelekeo wa mwanga na mwelekeo wa kichujio, ikizidishwa kwa yenyewe. Kwa nyuzi 90 jibu ni 0, na kwa nyuzi 45 jibu ni 1/2. Kwa hiyo, katika mwanga uliopita kichujio cha kwanza, nusu hupita cha katikati, na nusu ya nusu hiyo hupita cha mwisho, ambayo ni asilimia 25. Vichujio halisi hutoa pungufu kidogo kwa kuwa malighafi yake yenyewe hufyonza mwanga.

Msomaji makini atasema kwamba fizikia ya karne ya 19, inayouona mwanga kuwa wimbi, inaeleza yote hayo bila kutaja kwanta, naye atakuwa amesema kweli. (Ni ajabu kwamba walimu wengi wa jaribio hili hulinyamazia suala hilo.) Kwanta inajitokeza pale mwanga unapopunguzwa mpaka fotoni zije moja moja. Wimbi hugawanyika, sehemu ikapita na sehemu ikabaki. Fotoni hupita nzima au haipiti kabisa. Kile kilichokuwa sehemu ya nguvu ya mwanga sasa ni uwezekano, na hakuna mtu ajuaye njia ya kutabiri fotoni ipi hasa itapita. Zaidi ya hapo, fotoni iliyopita kichujio cha katikati hutoka ikiwa na mwelekeo wa kichujio hicho, na haibebi tena kumbukumbu ya kile cha kwanza. Kaa na jambo hili mpaka likukolee, kwa sababu karibu kila unachosikia juu ya upimaji kubadilisha hali ya kitu kimo ndani yake.

Hatua inayofuata ndiyo muhimu kuliko zote, na ningemshauri yeyote kuipa muda mrefu kuliko sura nyingine. Katika uwezekano wa kawaida, kama tukio linaweza kutokea kwa njia mbili, tunajumlisha uwezekano wa njia ya kwanza na uwezekano wa njia ya pili. Katika kwanta, kila njia hupewa namba changamano iitwayo amplitudo. Amplitudo za njia zote zinazoishia kwenye tukio lile lile hujumlishwa kwanza, na ni baada ya hapo tu ndipo urefu wa mshale wa jumla huzidishwa kwa wenyewe ili kupata uwezekano. Kanuni hii ya kutoka amplitudo kwenda uwezekano ilitolewa na Max Born mwaka 1926. Tofauti inaonekana ndogo, lakini mishale inaweza kuelekea pande zinazopingana na kufutana, jambo ambalo uwezekano, ukiwa haushuki chini ya sifuri, hauwezi kulifanya.

Litazame kwa karibu. Chukua kioo kile kinachogawa mwanga nusu kwa nusu. Kwa fotoni inayopenya, amplitudo ni 1/√2. Kwa inayorudishwa, ni i/√2. Ukizidisha urefu wa kila mshale kwa wenyewe unapata 1/2, kama inavyotarajiwa. Sasa panga vioo viwili vya namna hiyo: cha kwanza kinatenganisha njia mbili, vioo vya kawaida vinazikutanisha tena kwenye kioo cha pili, na nyuma ya kioo hicho kuna vipokezi viwili. Njia hizo ziwe na urefu sawa kabisa. Fotoni hufika kwenye kipokezi cha kwanza kwa kupenya mara mbili, yenye amplitudo 1/√2 × 1/√2 = 1/2, au kwa kurudishwa mara mbili, yenye amplitudo i/√2 × i/√2 = −1/2. Jumla ni 0, kwa hiyo kipokezi hicho hakipati kitu. Kwenye kipokezi cha pili, njia zote mbili zina kupenya mara moja na kurudishwa mara moja, kila moja i/2, jumla i, na uwezekano ni 1. Fotoni zote zinakwenda huko, ijapokuwa kila kioo peke yake hugawa nusu kwa nusu. Ukiweka chombo kinachotambua fotoni ilipita njia ipi, amplitudo hazijumlishwi tena, na kila kipokezi kinapata 1/4 + 1/4, yaani nusu. Rudia hesabu hii mpaka uweze kuiandika bila kutazama, kisha ujiulize nini kitatokea ukiziba njia moja. (Jibu: nusu ya fotoni zitaishia kwenye kizibo, na robo itafika kwenye kila kipokezi. Kipokezi kilichokuwa kikavu sasa kinapata fotoni kwa sababu umefunga njia.)

Ukishaimudu hiyo, jaribio maarufu la mianya miwili, ambamo chembe hupitishwa kwenye mianya miwili iliyo karibu na kupokelewa upande wa pili, litakuwa zoezi tu. Claus Jönsson alilifanya kwa elektroni huko Tübingen mwaka 1961, na mwaka 1989 Akira Tonomura na wenzake nchini Japani walionyesha elektroni zikitua moja moja, kila moja ikiacha nukta yake, mpaka nukta hizo zilipokuwa nyingi na kuchora mistari ya mawimbi yanayoingiliana. Tafuta picha za jaribio hilo na uzitazame kwa mfuatano, kuanzia nukta chache zinazoonekana kutawanyika ovyo.

Historia ya somo ni tamu, lakini haifai kuwa ratiba ya kujifunzia. Planck alianza mwaka 1900 na mionzi ya vitu vyenye joto, Einstein akafuata mwaka 1905 na fotoni, Bohr mwaka 1913 na modeli ya atomu ambayo baadaye iliachwa, de Broglie mwaka 1924 na mawimbi ya maada, Heisenberg mwaka 1925 na matriksi. Anayefuata mkondo huo hujifunza mawazo kadhaa ambayo itambidi ayafute, hasa ile picha ya elektroni zikizunguka kiini kama sayari. Isome historia pembeni, kama burudani.

Kanuni ya Heisenberg ya mwaka 1927 inahitaji tahadhari. Mara nyingi huelezwa kwamba tunapopima mahali pa elektroni tunaigonga na hivyo kuivuruga, na maelezo hayo hupotosha. Kanuni inasema kwamba hakuna hali yoyote ya elektroni ambayo ndani yake mahali na momenta, yaani tungamo mara kasi, vyote viwili vina thamani kamili. Mtawanyiko wa kimoja ukizidishwa na wa kingine haupungui 5.3 × 10⁻³⁵ katika vipimo vya kimataifa. Tia namba ndani yake. Elektroni iliyobanwa katika upana wa atomu, mita 10⁻¹⁰, ina mtawanyiko wa kasi usiopungua kilomita 580 hivi kwa sekunde. Chembe ya vumbi ya miligramu 1, mahali pake pakijulikana kwa usahihi wa sehemu moja ya milioni ya mita, ina mtawanyiko wa takriban 5 × 10⁻²³ ya mita kwa sekunde, ambao hauna maana yoyote kwa matumizi ya kawaida. Hesabu hiyo ya mistari miwili inaonyesha kwa nini atomu ni ya kwanta na vumbi halionekani kuwa hivyo.

Kuhusu namna ya kusoma, chagua kitabu kimoja chenye mazoezi na majibu, kinachoanza na spini (sifa ya chembe inayofanana na kujizungusha) au mwelekeo wa mtetemo wa mwanga, na ushikamane nacho. Vingine viwe vya kutazama unapokwama. Fanya mazoezi kabla ya kusoma majibu. Chanzo chochote kinachoihusisha kwanta na uponyaji, utajiri au nguvu za mawazo kiache bila kujadiliana nacho.

Baada ya mifumo ya hali mbili, ndipo ujifunze kalkulasi ya kutosha kutatua mlinganyo wa Schrödinger kwa chembe iliyofungiwa ndani ya kisanduku, kisha atomu ya haidrojeni. Hesabu kamili ya haidrojeni ni ndefu, na si aibu kuipokea bila kuithibitisha: viwango vya nishati ni −13.6 ikigawanywa kwa n × n, ambapo n ni namba ya kiwango (1, 2, 3 na kuendelea), katika kipimo cha nishati kiitwacho elektronivolti. Elektroni inaposhuka kutoka kiwango cha 3 hadi cha 2 hutoa nishati ya 1.89, ambayo ni mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656, na mstari huo huonekana kweli katika mwanga wa gesi ya haidrojeni. Kuipata namba hiyo kwa kalamu yako kunaridhisha kuliko sura nzima ya maelezo.

Mfungamano wa chembe mbili, yaani hali ambamo matokeo ya kuzipima huhusiana hata zikiwa mbali, uache uje mwisho, kwa kuwa unadai uzoefu wa kujumlisha amplitudo za hali nne kwa pamoja. Einstein, Podolsky na Rosen waliuibua mjadala wake mwaka 1935, na John Bell, mwaka 1964, akaonyesha namna ya kuupeleka maabara. Katika toleo linalotumika sana la hoja hiyo, nadharia yoyote inayodai kwamba kila chembe hubeba majibu yake tayari, na kwamba hakuna athari inayokimbia kuliko mwanga, haiwezi kuvuka 2 katika kipimo fulani cha uwiano wa matokeo. Kwanta inafika 2√2, yaani karibu 2.83, na majaribio yamelivuka hilo la 2. Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2022 kwa kazi hiyo. Hata hivyo, anayetazama upande mmoja tu huona matokeo ya kubahatisha, kwa hiyo mfungamano hautumi ujumbe, na habari yoyote inayodai kinyume cha hapo ina kasoro.

Mjadala wa nini hasa hutokea wakati wa upimaji, iwe ni kwa mtazamo wa Copenhagen, wa David Bohm wa mwaka 1952 au wa malimwengu mengi wa Hugh Everett wa mwaka 1957, unaweza kuusoma wakati wowote baada ya Bell. Mitazamo hiyo inakubaliana juu ya majibu ya mazoezi yote uliyofanya hapo juu. Inachobishania ni picha ya ulimwengu iliyo nyuma ya namba, na mpaka leo hakuna jaribio lililoamua kati yao.