Vile unaweza kuuliza serikali kuhusu vita ya Somalia

Jeshi letu la Kenya liliingia Somalia Oktoba 2011 na mpaka leo hesabu kamili ya wanajeshi wetu waliouawa kwa kambi ya El Adde huko Januari 2016 hatujapewa, sasa badala ya kulalamika tu kwa matatu andikia Wizara ya Ulinzi barua ama imeli, taja kifungu cha 35 cha Katiba na ile sheria ya 2016 ya kupata habari. Kuomba ni bure. Usiulize wanajeshi wako wapi saa hii, watasema ni usalama wa taifa na hapo sheria iko upande wao, uliza mambo yalishapita kama fidia ya familia. Wizara ina siku 21 za kukujibu. Wakinyamaza (na watanyamaza) peleka malalamiko Tume ya Haki ya Utawala (ile ya Ombudsman), na kopi ya barua.