Mkwe anataka kumpa mjukuu bunduki: maneno kwa wazazi walio majuu

Wiki iliyopita kakangu mdogo alinipigia kutoka Texas, huku Nairobi ilikuwa saa tano usiku, nikajua kuna kitu maana huwa ananipigia Jumapili tu baada ya kanisa. Kumbe baba mkwe wake, mzee mzuri tu ambaye amekuja huku mara mbili na tukala naye nyama choma pale soko la Burma hapa Nairobi, anataka mjukuu akifika miaka saba apewe bunduki ndogo yake mwenyewe, kwa sababu hivo ndo yeye alilelewa na babake pia. Sasa kakangu amekulia mtaa wa Umoja hapa Nairobi, na mimi. Sisi bunduki tuliijua kwa bega la askari wa benki na kwa ule mlio wa usiku unaofanya mama azime taa atulaze chini. Kuwinda kulipigwa marufuku Kenya tangu 1977 kwa hivo hata mjomba wa ushago wa kutuonyesha bunduki ya kuwinda hatukuwa naye. Alafu leo unaambiwa mtoto wako wa darasa la pili ashike. Lazima moyo uruke.

Mimi niliishi huko miaka tisa kabla nirudi nyumbani, na binti yangu alijifunza kulenga shabaha akiwa na miaka kumi, kwa hivo nimeamua kuandika yote mahali pamoja maana si kakangu peke yake ananiuliza.

Anza na karatasi zako wewe mzazi. Watu wengi wetu hawajui hii na inaweza kuharibu maisha ya familia nzima. Marekani, sheria ya serikali kuu inasema kama uko na viza ya muda, iwe ya shule au ya kazi, kwa kawaida huruhusiwi kushika bunduki wala risasi, na hata ile ya kukodi dakika kumi kwa uwanja wa kulenga shabaha ni kushika. Kuna misamaha michache, mfano ukiwa na leseni halali ya kuwinda ya jimbo, lakini usijipe msamaha mwenyewe kwa sababu rafiki wa kazini amekuambia haina neno, uliza wakili wa uhamiaji kwanza. Asiye na karatasi kabisa asiguse. Mwenye grinkadi anaruhusiwa, lakini ajue kosa la bunduki ni moja ya makosa yanayoweza kukurudisha nyumbani hata kama umeishi huko miaka ishirini. Na mtoto aliyekuja na viza ya kumfuata mzazi naye ana viza ya muda, si kama ndugu yake aliyezaliwa huko. Familia moja, sheria mbili. Kaeni chini muongee hii kabla mzee hajaenda dukani.

Nchi zingine nitapita haraka. Ujerumani mtoto anaanza bunduki ya upepo klabuni akiwa na miaka 12, na zile za risasi ndogo 14, kwa ruhusa ya mzazi na mbele ya mtu aliyefunzwa kusimamia watoto, na walio chini ya hapo wengi wanapewa ile ya mwanga isiyotoa kitu chochote. Kanada kuna leseni ya vijana wa miaka 12 hadi 17. Uingereza mtoto wa chini ya miaka 14 hatumii bunduki ya upepo bila mtu wa miaka 21 au zaidi kumsimamia, na Scotland hata hiyo ya upepo inahitaji leseni. Marekani kila jimbo na lake, ila vilabu vya vijana vya 4-H kwa kawaida huanza na watoto wa miaka 8, na nimeona hicho ni kipimo kizuri hata kwa mzazi asiye mwanachama.

Sasa tofautisha vitu viwili. Kumfundisha mtoto kupiga bunduki ni hiari yako, unaweza kukataa maisha yako yote na hakuna atakayekulaumu. Lakini kumfundisha mtoto afanye nini akikuta bunduki si hiari, ukishaishi Marekani ni lazima, hata kama kwako hakuna na hakutawahi kuwa. Binti yangu alikuwa na miaka sita alipotoka kucheza kwa jirani akaniambia tukiwa tunakula, polepole tu kama anaongea juu ya paka, ati baba wa rafiki yake ana bastola kwa droo ya kando ya kitanda na wameiona. Sikulala. Kule wanawafundisha watoto maneno manne: simama, usiguse, toka hapo, mwambie mtu mzima. Mfundishe mtoto wako kwa Kiswahili, kwa Kikuyu, kwa lugha yoyote mnayoongea nyumbani, na mrudie mkiwa kwa gari, mkiwa mnapika, mpaka aseme bila kufikiri. Lakini usitegemee hayo peke yake, mtoto ni mtoto. Uliza wenye nyumba. Najua sisi tunaona aibu, unaingiaje kwa nyumba ya mtu unaanza kuuliza juu ya silaha zake, lakini ukichanganya na yale mengine inatoka vizuri: huyu hali karanga, anaogopa mbwa, na je, kuna bunduki nyumbani, imefungiwa? Wamarekani wengi nimewauliza hawakukasirika, wengine walinionyesha hata sefu. Tangu 2020 bunduki ndo kitu kinachoua watoto na vijana wa miaka 1 hadi 19 kule kuliko kitu kingine chochote, imepita hata ajali za magari, kwa hivo meza aibu uulize.

Tukija kwa swali la lini. Umri ni mwanzo tu wa jibu. Mimi nilimwangalia binti yangu kwa vitu vidogo: nikimwambia "wacha" anaacha mara ya kwanza au ya tatu? Akivunja kikombe ananiambia au anaficha? Akishindwa kwa mchezo anarusha vitu? Anaweza kukaa dakika kumi na tano akisikiza mtu mzima asiyemjua? Mtoto anayeficha makosa hayuko tayari, hata akiwa na miaka kumi na tatu, maana siku ya bunduki unataka mtoto atakayesema mwenyewe "nimekosea, kidole kiliingia kwa triga." Na awe anataka yeye. Si baba anataka picha, si babu anataka mrithi. Na kama familia yenu ilikimbia vita, au mtoto alikuwa ndani ya mol ya Westgate iliposhambuliwa 2013 au mahali kama hapo, mlio mmoja unaweza kurudisha kila kitu. Subirini, na pengine msiende kabisa, na hiyo ni sawa.

Kwa mtoto wa chini ya miaka nane mimi ningeanza na upinde na mshale. Ni kitu chetu pia, Wakamba na Wagiriama wameishi nao vizazi na vizazi, na kwa klabu nidhamu ni ile ile: kuna mstari, kuna amri ya kuanza na ya kuacha, hakuna kwenda kuchukua mishale mpaka mmeambiwa. Mtoto anaona kazi yake kwa macho na hakuna kelele. Ukiona anaweza kuheshimu mstari miezi sita, ndo muongee juu ya bunduki.

Alafu kabla yake, wewe. Hapa ndo nasisitiza sana. Mzazi aliyekulia Nairobi asiyejua chemba ni gani, pale risasi inapokaa, na sefti ni gani, ile ya kuzuia bunduki isifyatuke, hawezi kumlinda mtoto kwa kumwachia mkwe kila kitu, hata mkwe awe mtaalamu. Chukua kozi ya mwanzo, siku moja inatosha kukutoa woga na kukupa adabu. Utarudi na sheria nne ambazo hazibadiliki: kila bunduki ichukulie ina risasi, mtutu usielekee kitu usichotaka kuharibu, kidole nje ya triga mpaka umelenga, na ujue kilicho nyuma ya shabaha. Hiyo ya mwisho watu wanaidharau. Risasi ya .22, ile ndogo ya kufundishia watoto, inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu, ni kama itoke Kencom katikati ya Nairobi ifike mtaa wa Ngara.

Siku yenyewe iwe fupi, nusu saa, na muache akiwa bado anataka. Bunduki iwe ya risasi moja moja, nyepesi, kitako kifupi kinachoingia kwa bega la mtoto bila kunyoosha shingo, na iegemee mfuko wa mchanga mezani ili asibebe uzito. Weka risasi wewe, moja tu. Viziba masikio na miwani ya kinga vivaliwe kabla hata hamjafika kwa mstari maana mlio wa mtu wa kando ndo humshtua mtoto akalia na siku ikaharibika. Shabaha iwe kitu kinachojibu, puto au mkebe, karatasi inamchosha. Kama ni ya upepo ile ya vigololi vya chuma, usiweke chuma wala jiwe mbele, vinaruka vinarudi machoni. Kaa kando yake karibu kiasi kwamba mkono wako unafikia mtutu, kwa sababu kuna kitu kila mtoto hufanya: akipiga puto anafurahi, anageuka mwili mzima kukuangalia, na bunduki inageuka naye. Mwalimu wa binti yangu aliwafanyisha zoezi hilo na bunduki tupu wiki mbili, anawaita majina kutoka nyuma, na mtutu unabaki mbele.

Na tafadhali usikubali ile ya kutapika risasi mfululizo hata kama uwanja unaruhusu. Agosti 2014 kule Arizona msichana wa miaka 9 alipewa bunduki ya aina hiyo inayoitwa Uzi, ikaruka juu mikononi mwake ikamuua mwalimu aliyekuwa kando yake. 2008 Massachusetts mvulana wa miaka 8 alijiua hivo hivo bila kukusudia, mbele ya babake.

Mkitoka, osha mikono na uso kwa sabuni kabla ya kula, badilisha nguo, na viatu vibaki nje. Kiswahili kimetusaidia hapa maana madini yanayotengeneza risasi, kwa Kiingereza lead, nayo yanaitwa risasi, na vumbi lake linaingia kwa damu ya mtoto kuliko ya mtu mzima. Waliofuatilia kesi ya Owino Uhuru, kijiji kule Mombasa kilichochafuliwa na madini hayo kutoka kiwandani, wanajua inafanya nini kwa watoto. Uwanja wa wazi ni bora kuliko wa ndani, na mama mjamzito abaki nyumbani.

Baada ya hapo bunduki isilale kwa kona. Kentucky 2013 mvulana wa miaka 5 alimpiga dadake wa miaka 2 na bunduki iliyotengenezwa kwa watoto, aliyopewa zawadi, ilikuwa imeegemezwa ukutani na wazazi hawakujua kuna risasi ndani. Ndo maana nilimwambia kakangu ajibu mkwe kwa heshima: "Baba tumeshukuru, zawadi tunaikubali, lakini itakaa kwa sefu yako, risasi zifungiwe mahali pengine, na mtoto ataishika tukiwa wote wawili." Mzee alikubali. Akasema aanze na upinde.

Mwambieni mtoto pia ukweli mchungu kwamba yeye ni mtoto mweusi. Novemba 2014 polisi wa Cleveland walimuua mvulana mweusi wa miaka 12 aliyekuwa na bunduki ya kuchezea kwenye bustani. Rafiki zake wazungu wanaweza kuzunguka mtaani na hizo za plastiki, yeye asitoke nayo nje ya ua, hata dakika moja, na si kwa sababu amekosa.

Na Desemba mkija nyumbani, ongeeni naye kwenye ndege. Huku kumiliki bunduki ni mambo ya Bodi ya Leseni za Silaha, si zawadi ya bathidei, na askari wa pale kwa geti la mol mwenye G3 haulizwi "naomba nishike." Usifunge bunduki ya upepo kwa sanduku ukidhani ni kitu cha kuchezea. Na kagua begi la mtoto mfuko kwa mfuko kabla mtoke nyumbani, lile analobeba kila mahali, kwa sababu watoto hupenda kuokota maganda ya risasi pale uwanja wa kulenga shabaha wakayaweka kama kumbukumbu, saa zingine na nzima moja imo, na ikionekana kwa mashine pale uwanja wa ndege wa JKIA shosho atawasubiri nje masaa mengi sana.