Kabla ya Muhula wa Pili: Mambo ya Kuzingatia kwa Familia za Shule ya Kikatoliki Mombasa

Muhula wa pili ndio wenye shughuli nyingi kuliko yote katika shule za Kikatoliki hapa Mombasa. Kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Agosti kuna rozari za mwezi wa Mei, Pentekoste, sherehe ya Ekaristi Takatifu, Komunyo ya Kwanza, Kipaimara (sakramenti ya kuimarishwa kwa Roho Mtakatifu) kwa madarasa yaliyo tayari, mikutano ya wazazi, ziara na mashindano ya michezo, na yote hayo huanza wakati masika yamepamba moto. Mzazi anayesubiri ratiba ibandikwe kwenye ubao wa matangazo ndipo aanze kujiandaa, huyo amekwisha kuchelewa. Yafuatayo yatimizwe watoto wakiwa bado likizoni.

Karo ilipwe kwa namba ya malipo ya shule, na mahali pa akaunti pawekwe namba ya usajili ya mtoto, wala si jina lake la utani. Ujumbe wa M-PESA uhifadhiwe mpaka risiti itoke.

Koti la mvua linunuliwe sasa, kwa kuwa katika pwani yetu mvua kubwa kabisa hunyesha Mei, na mtoto anayevuka feri ya Likoni asubuhi hana mahali pa kujificha akiwa kwenye foleni. Viatu viwe jozi mbili kwa mwenye uwezo. Asiye na uwezo aweke magazeti makavu ndani ya viatu usiku.

Taarifa za afya ziandikwe upya kila muhula, hata kama hakuna kilichobadilika: pumu, mzio, dawa anazotumia, na namba mbili za simu zinazopokelewa mchana. Kama bado hujamwandikisha mtoto kuwa tegemezi wako katika SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, fanya hivyo kabla hajavunjika mkono uwanjani. Utahitaji cheti chake cha kuzaliwa, na hapo ndipo ninapofika kwenye jambo lililonifanya niandike haya yote.

Jambo hilo ni cheti cha ubatizo. Hakuna mtoto atakayeingizwa katika orodha ya Komunyo ya Kwanza au ya Kipaimara bila uthibitisho kwamba amebatizwa, na uthibitisho huo hutoka mahali pamoja tu, yaani parokia alikobatizwa. Padri wa shule hawezi kukupa, katekista hawezi kukupa, na parokia unayosali sasa, hata kama unaimba kwaya huko na unajulikana na kila mtu, haiwezi kukupa ikiwa mtoto hakubatizwa pale. Kila parokia ina kitabu chake cha ubatizo, na kila aliyebatizwa ana mstari wake ndani yake: jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya ubatizo, majina ya wazazi, majina ya wasimamizi (wazazi wa ubatizo), na jina la aliyembatiza. Pembeni huachwa nafasi ambamo baadaye huandikwa kwamba huyu amepokea Kipaimara, huyu amefunga ndoa, huyu amepewa daraja la upadri. Kadi uliyopewa siku ile ni nakala tu ya mstari huo. Ikipotea, ikiloa au ikiliwa na mchwa, mstari bado upo. Lakini ni lazima mtu aufungue ukurasa wenyewe na kuunakili.

Mwaka mmoja nilipokuwa katika kamati ya wazazi wa darasa letu, familia moja ya Changamwe ilidhani mambo yake yako sawa. Binti yao alikuwa amehudhuria mafundisho ya Kipaimara bila kukosa, sala zote alizijua, na katekista mwenyewe alimsifu. Tangazo la kuleta vyeti lilikuwa limetolewa tangu Januari. Wazazi walijibu kwamba mtoto alibatizwa Ukambani akiwa mchanga, kwamba kadi iko kwa nyanya yake, na kwamba italetwa. Pasaka ikapita. Nyanya akaulizwa, akasema kadi aliiweka ndani ya Biblia, na Biblia hiyo aliichukua shangazi alipoolewa. Shangazi akaulizwa, hajaiona. Ndipo baba akapiga simu parokiani, ikiwa imebaki wiki mbili na siku chache orodha ifungwe.

Katibu wa parokia alitafuta kwa bidii akakosa, na sababu za kukosa zilikuwa mbili, moja juu ya nyingine. Ya kwanza ni kwamba kigango alikobatizwa mtoto, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia, kilikuwa kimekwisha kupandishwa na kuwa parokia inayojitegemea. Baba alipiga simu kwenye parokia hiyo mpya, ilhali vitabu vya miaka ile vilibaki katika parokia mama. Ya pili ilikuwa jina. Shuleni na katika cheti cha kuzaliwa mtoto anaitwa kwa jina alilochagua mama, likifuatiwa na jina la baba. Siku ya ubatizo, nyanya ndiye aliyempeleka mtoto kanisani, naye alitaja jina la mtakatifu alilolipenda yeye pamoja na jina la babu wa ukoo. Katika kitabu kile, mtoto aliyekuwa akitafutwa hakuwapo. Aliyekuwapo ni mwingine kabisa, ingawa ni yuleyule. Tena kitabu hufuata tarehe za ubatizo, na hakuna aliyekumbuka kama ilikuwa Desemba ya mwaka aliozaliwa au Pasaka ya mwaka uliofuata.

Baba alipanda basi la usiku Ijumaa, akafika Jumamosi asubuhi, akakuta ofisi imefungwa na paroko ametoka kwenda kusoma Misa vigangoni. Alirudi ofisini Jumatatu. Walifungua kurasa pamoja mpaka wakaupata mstari kwa majina ya wazazi, kwa sababu jina la mama, kwa bahati, lilikuwa limeandikwa sawasawa. Hata hapo kazi haikwisha, kwani kitabu cha ubatizo hakifutwi wala hakiandikwi juu kwa sababu mzazi amekuja na haraka zake. Paroko alitaka kuona cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mama ili aandike pembeni kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, navyo vyote viwili vilikuwa Mombasa, ndani ya kabati. Kufikia siku cheti kiliposhuka Changamwe, majina yalikuwa yamekwisha kupelekwa.

Siku ya Kipaimara wenzake walipanga mstari wakiwa na mavazi meupe na wasimamizi wao nyuma yao, mkono wa kila msimamizi ukiwa juu ya bega la mtoto wake, na askofu akawapaka krisma, yaani mafuta matakatifu, mmoja baada ya mwingine. Yeye alivaa sare ya shule. Sista alimpa kazi ya kubeba kapu la mikate katika maandamano ya matoleo, akalibeba mpaka altareni bila kutazama upande walikoketi wazazi wake. Alisubiri mpaka askofu alipokuja tena, na ziara ya askofu haipangwi na mzazi.

Kwa hiyo, fanya hivi, na ufanye wiki hii. Itafute kadi na uishike mkononi. Kuambiwa na mtu kwamba ipo hakutoshi. Isome pamoja na cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi: jina la kwanza, jina la ukoo, tarehe, majina ya wazazi. Nakili namba ya LB, yaani namba ya mtoto katika kitabu cha ubatizo, uihifadhi katika simu zenu wote wawili, kwa kuwa aliye na namba hiyo humwezesha katibu kuufikia mstari kwa dakika chache. Kadi isipopatikana, piga simu parokiani siku ya kazi, ulize kwanza vitabu vya mwaka ule viko wapi, kisha utaje majina yote ambayo mtoto amewahi kuitwa na majina ya wasimamizi wake. Majina yakitofautiana, mwone paroko wako kabla ya kusafiri, akuambie ni hati zipi zitakazotakiwa na akuandikie barua. Ukienda mwenyewe, beba hati halisi pamoja na nakala. Na kama kosa liko katika cheti cha kuzaliwa chenyewe, hilo si la kanisa. Ni la ofisi ya serikali ya kuandikisha vizazi, na lisiachwe mpaka mwaka wa mtihani wa Gredi 6 au Gredi 9, kwani jina litakalosajiliwa kwa mtihani ndilo litakaloonekana kwenye matokeo.

Wasimamizi nao wachaguliwe mapema. Kanuni za Kanisa zinataka msimamizi awe Mkatoliki aliyetimiza miaka 16, aliyekwisha kupokea Kipaimara na Ekaristi, anayeishi kulingana na imani yake, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Kwa Kipaimara inapendekezwa awe yuleyule wa ubatizo, ikiwezekana. Kila mwaka kuna mzazi anayemleta rafiki wa kazini kwa sababu ana gari zuri na atachangia keki, kisha inagundulika mlangoni kwamba rafiki mwenyewe hajapokea Kipaimara. Muulize waziwazi, tena muulize kabla hujamwalika.

Kuhusu mavazi meupe, subirini mwongozo wa shule ndipo mwende Mtaa wa Biashara kununua kitambaa. Kila mwaka kuna gauni lililoshonwa likiwa na lesi na mkia mrefu ambalo sista hulikataa, na fundi hatarudisha pesa.

Mtoto afundishwe pia habari ya kufunga kabla ya Komunyo, maana wengine hupelekwa kanisani hawajaonja kitu tangu jioni, wakaanguka kwa kizunguzungu katikati ya mahubiri. Kinachotakiwa ni kutokula wala kunywa kwa saa moja kabla ya kupokea, na maji na dawa havimo katika katazo hilo. Saa hiyo huhesabiwa hadi wakati wa kupokea Komunyo. Kama Misa ni saa tatu, uji wa saa kumi na mbili na nusu nyumbani hauna tatizo lolote. Viazi karai vya kununuliwa mlangoni mwa kanisa ndivyo vyenye tatizo.

Familia za Kiislamu na za madhehebu mengine, ambazo ni sehemu ya shule hizi hapa Mombasa tangu zamani, zisikae kimya zikidhani hazihusiki. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mdhamini wa shule, ambaye hapa ni Kanisa, jukumu la kukuza maisha ya kiroho, na papo hapo inamtaka alinde imani ya wale wa dini nyingine. Mweleze mwalimu wa darasa mwanzoni mwa muhula, kwa maandishi, mtoto atakuwa wapi wakati wa Misa ya shule na siku gani hatakuja kwa sababu ya Idd. Ukisubiri mpaka asubuhi ya siku yenyewe, mwalimu atakuwa anaipokea habari hiyo getini akiwa na watoto wengine sitini mbele yake.

Ziara za masomo zinahitaji fomu ya ridhaa iliyotiwa sahihi. Isiporudishwa, mtoto anabaki. Darasa likienda Fort Jesus, ni vizuri mtoto awe amesimuliwa kabla kwamba ngome hiyo ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na kwamba mwaka 1631 Wakristo wa mji huu waliuawa wakati wa maasi ya Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye mwenyewe alikuwa amebatizwa kwa jina la Jerónimo. Chakula kifungwe katika kikopo, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika fukwe na hifadhi. Kama ziara ni ya pwani, ulizeni saa za maji kujaa na idadi ya watu wazima watakaokuwapo. Miezi hii ni ya kusi, na bahari huwa chafu hata pale ambapo juma lililopita ilikuwa tulivu. Mtoto asiyejua kuogelea aseme hajui.

Siku ya sherehe yenyewe, wa Likoni watoke mapema kuliko wanavyodhani, kwani feri haijui kwamba leo ni Komunyo; wa Mtwapa na Kisauni wakumbuke msongamano wa Daraja la Nyali. Mpiga picha wa shule akiwapo, wazazi wabaki kwenye viti vyao badala ya kuziba njia ya altareni kwa simu. Picha zenye watoto wa wenzenu zisisambazwe ovyo, kwa sababu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto. Karamu iwe ya uwezo wenu, na mkopo wa simu usiguswe kwa ajili ya keki.

Mengine ni tahadhari za kila siku. Orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto iandikwe ofisini pamoja na namba ya kitambulisho ya kila mmoja, dereva wa tuktuk akiwemo. Dereva akibadilishwa, shule iambiwe siku hiyohiyo. Michango yoyote inayoombwa katika kundi la wazazi ithibitishwe na mweka hazina kabla ya kutumwa. Na mtu akikupigia simu mchana akisema mtoto wako ameanguka shuleni na hospitali inataka pesa sasa hivi, ikate simu hiyo, kisha uipigie ofisi ya shule kwa namba uliyoihifadhi mwenyewe; namba hiyo iwe pia katika simu ya yaya, na ya nyanya kama ndiye anayeshinda nyumbani.